Kura ya Agustino

Sehemu ya tano

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita nitasema kwa kifupi, maana sipendi kuzunguka.

Jina langu ni Fausta. Nimezaliwa Bashay, nimeolewa huku Hanang, juu ya Gitting. Nina stashahada ya maendeleo ya jamii, duka la pembejeo na dawa za mifugo, na mtoto mmoja, Marieta, wa miaka saba. Mume wangu Agustino alichukuliwa na maji ya korongo miezi kumi na minne iliyopita, yeye na pikipiki yake.

Mwaka huu wifi yangu Efrazia, dada yake Agustino, alitia nia ya udiwani kupitia chama. Mpinzani wake alikuwa Modest, mwenye malori mawili ya kubeba vitunguu swaumu. Mimi ndiye admini wa kundi la wasapu la kata, watu mia nne na kitu. Nikaweka kura humo: nani apeperushe bendera ya chama chetu?

Kanuni niliandika mwenyewe. Mtu mmoja, laini moja. Mkazi wa kata tu. Mwisho saa kumi na mbili jioni. Chama hakiitambui kura ya namna hiyo, lakini kila mtu alijua wajumbe wanaichungulia kabla ya siku ya kura za maoni.

Zikiwa zimebaki dakika tano walikuwa sawa. Mia moja themanini na saba kwa mia moja themanini na saba.

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama jikoni, simu ya marehemu mume wangu mkononi. Kuna msomaji alinikuta gulioni akanishika mkono, hakunisalimia hata. Akaniuliza, "Ulibonyeza?"

Nilibonyeza.

Nilijiambia ni kura moja tu. Nilijiambia Agustino angempigia dada yake, hilo halina ubishi. Saa kumi na mbili kamili nikapiga skrinshoti, nikaituma kwenye kundi, Efrazia 188, Modest 187, nikaenda kukamua ng'ombe.

Nilichosahau, mimi mwenye stashahada, ni kwamba kura ya wasapu haina siri. Ukibonyeza matokeo yanakuonyesha nani kampigia nani, jina na picha.

Niliporudi na ndoo ya maziwa, Modest alikuwa ameshaandika.

"Admini, naomba msaada. Huyu Agustino Hhando aliyempigia Efrazia saa kumi na moja na dakika hamsini na sita ni yupi? Maana ninayemjua mimi nilibeba jeneza lake."

Chini yake aliweka picha. Agustino na kofia yake ya sufu, ameshika kamba ya dume jeusi, anacheka.

Kundi likafumuka.

"Yesu wangu."

"Nimeona hiyo picha chai ikanimwagikia."

"Huu ni wizi wa kura, usiupambe."

"Usiseme wizi. Labda marehemu ana lake la kusema."

"Akija kupiga na siku yenyewe, jamani, mimi nihesabuni nimehamia Babati."

Nieleze kitu hapa. Katika kundi letu kuna marehemu saba. Hakuna mwenye mkono wa kuwatoa. Kila msiba ukiisha mtu anasema, admini, yule mtoe, na mimi nasema sawa, na simtoi. Wanakaa humo na picha zao kama watu walionyamaza tu. Kata nzima inajua na kata nzima imekubali.

Modest aliandika tena, na hili ndilo lililoninyima raha kuliko matusi yote ya siku ile.

"Baba yangu naye yumo kundini humu, marehemu. Simu yake iko kwangu, ina chaji, iko kwenye droo. Tulipokuwa sawa sawa niliiangalia. Sikuigusa. Nilimheshimu mzee wangu."

Nilichuja maziwa.

*

Sasa simu ya Agustino.

Siku ile ya maji aliiacha mezani kwenye chaji. Watu wakadhani imekwenda naye, na sikuwasahihisha. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, koti lilikwenda kwa kaka yake, buti kwa binamu, fimbo kwa baba yake. Simu niliifukia kwenye debe la unga.

Siyo kwa tamaa. Ni kwa sababu ya Marieta. Agustino alikuwa amerekodi sauti yake mwenyewe akiita ng'ombe jioni, akaifanya ndiyo mlio wa simu. Kata nzima ilikuwa ikimcheka. Simu ikiita kanisani, unasikia mtu anaswaga ng'ombe katikati ya sala. Mtoto alipokuwa anamlilia baba yake, nilimchezea ule mlio. Kisha naizima sauti, naifukia tena.

Kwa hiyo kwa watu wote simu ile ilikuwa chini ya mchanga wa korongo. Na ilikuwa imepiga kura.

Asubuhi ya Jumatano nilisikia mtu anakohoa nje ya uzio. Mzee Hhando, baba mkwe wangu. Amesimama nje ya miti ya uzio, hakuingia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Marieta."

"Karibu ndani, chai iko tayari."

"Siingii."

Nilijua kwa nini. Sisi Wairaqw tuna metimani. Nyumba iliyopatwa na kifo cha namna ile inakaa peke yake. Huendi kwa watu, watu hawaingii kwako, mifugo yako haichanganyiki na ya wengine, mpaka wazee waseme imetosha. Mimi nilikaa miezi miwili. Kisha nikafungua duka, kwa sababu mtoto anakula kila siku. Paroko alisema sijakosea. Mzee Hhando alisema nimekosea, na tangu hapo kila Jumapili alipita usoni kwangu kunikumbusha.

"Nimeonyeshwa," alisema. "Nimeiona picha yake. Amempigia dada yake."

"Baba, hayo mambo ya simu..."

"Ngoja. Simu yake ilipatikana?"

Hapa ndipo ningesema. Mzee mmoja, mwanamke mmoja, uzio katikati, hakuna shahidi ila kuku. Ningesema na yangeisha pale pale.

"Hapana, baba. Ilikwenda na maji."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitaka.

"Basi ni yeye. Hajatulia huko aliko. Tuliifungua nyumba yake kabla ya wakati, ametafuta njia ya kusema. Funga duka, mwanangu. Mimi nilikuwa upande wa Modest, unajua. Nimeacha. Siwezi kumpinga maiti wangu."

Aliondoka akitegemea fimbo ya Agustino. Nilifunga duka.

Kufika saa sita wazee tisa walikuwa wameacha kambi ya Modest.

*

Alhamisi mchana Marieta yuko shule, mimi niko jikoni, nikasikia unga unatetemeka.

Niliifukua. Kwenye kioo: Baba. Ujumbe wa sauti, dakika tatu.

Mzee Hhando haandiki. Anauza maharage yake kwa ujumbe wa sauti mpaka Arusha, kwa hiyo vitu hivyo anavijua vizuri. Nilijua sistahili kuusikiliza. Nikausikiliza.

Alisema kwa lugha ya nyumbani. Naweka hapa kwa Kiswahili, na siongezi kitu.

"Agustino. Ni baba yako. Sikukupigia, maana mtu aliyeko huko humpigii simu. Unamtumia maneno, akipata nafasi atasikiliza. Nimeona umeamka. Nimeona umesema neno kwa ajili ya dada yako. Sasa nisikie na mimi.

"Siku ile ni mimi. Nilikuja kwenye uzio wako, mkeo yuko dukani. Nilikuambia ndama wangu amebaki ng'ambo ya korongo. Ulisema, baba, maji yamejaa. Nikakuuliza, umeoa mwanamke wa dukani na wewe umekuwa mwanamke? Ukawasha pikipiki. Hukunijibu.

"Tulipokuzika, watu walisema mkeo ndiye aliyekutuma dawa ya kuogesha mifugo. Na yeye mwenyewe alilia akasema yeye ndiye aliyekutuma. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilinyamaza. Bado nimenyamaza. Ndama alirudi mwenyewe jioni ile, Agustino. Alirudi mwenyewe."

Kisha sauti ya mzee anapenga kamasi. Kisha basi.

Nilikaa chini kwenye sakafu, unga mapajani.

Asubuhi ya siku ile mimi nilikuwa nimempigia Agustino, nikamwambia aende Katesh akachukue dawa. Alisema kesho, mvua kubwa. Nikamkaripia. Nikamwambia wateja hawangoji kesho. Njia ya Katesh na njia ya lile korongo ni moja. Miezi kumi na minne nimeamka na neno lile mdomoni, kesho, kesho. Miezi kumi na minne mzee yule ananiangalia kanisani, na mimi nainamisha kichwa.

Nilicheka kwanza. Nawaambia ukweli, nilicheka. Halafu nikataka kukimbia mpaka kwake, nipasue mlango, nimwambie mbele ya wajukuu zake wote wewe ndiye.

Nimwambie nimejuaje?

Nikaangalia kioo. Alama za bluu zilikuwa zimeshatokea. Kule kwake, juu ya kilima, mzee alikuwa ameziona na yeye, maana ujumbe wa pili uliingia mikononi mwangu, mfupi.

"Umesikia. Asante, mwanangu. Kama umenisamehe, nijibu hata neno moja. Nitangoja."

*

Ijumaa Efrazia alikuja kwa mlango wa nyuma, metimani au siyo metimani. Yule hajali. Alikuwa amevaa kitenge cha kampeni, anang'aa.

"Wifi! Umesikia? Wazee wa Hirbadaw, kule nyanda za chini, wenye jamaa huku wameniletea salamu. Watu wa nyanda wanasema mgombea anayesemewa na mfu haachwi."

"Kaa chini, Efrazia."

"Sikai. Najua uso huo." Akanishika mabega. "Sikuulizi. Na wewe usiniambie."

"Kuna jambo la baba yako..."

"Hata hilo usiniambie. Kesho saa nne katibu wa kata ameita kikao ghalani. Modest amepeleka malalamiko, anataka kura ifutwe na mimi nikatwe jina kwa udanganyifu. Unaelewa maana ya kukatwa? Siyo kata hii tu. Ni maisha."

"Ile kura haina hata maana kwa chama."

"Haikuwa na maana. Sasa ina maana." Aliachia mabega yangu. "Wewe ulimuuza kaka yangu kwa chupa ya dawa ya kupe, wifi, na mimi sijawahi kulisema mpaka leo. Kesho nifanyie hili moja. Kaa kimya."

Alitoka. Nilibaki nimeshika kiti.

Angesema tusi lolote lingine ningelivumilia. Lile nilikuwa na jibu lake kwenye debe la unga, kwa sauti ya baba yake mzazi.

*

Niliamua hivi. Nitamwahi mzee kabla ya kikao, nimpe simu mkononi, nimwambie yote. Niliyofanya na niliyosikia. Akitaka anipige na fimbo ya mume wangu. Kisha nitasimama mbele ya katibu niseme ni mimi, Efrazia hakunituma. Uamuzi wa mama mtu mzima. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jumamosi asubuhi naifukua simu, naipangusa unga kwa khanga, Marieta akaingia.

"Mama, unaipeleka wapi simu ya baba?"

"Kwa babu."

"Haitarudi?"

"Haitarudi."

"Basi nisikie mara ya mwisho."

Nikaongeza sauti mpaka juu, nikauchezesha ule mlio. Alisikiliza amefumba macho, mikono nyuma, kama wanavyosimama mstarini shule. Ulipoisha hakulia. Akaniambia, "Twende, mama, utachelewa." Nikatupa simu kwenye mkoba, tukatoka.

Pale kwa mzee nikaambiwa ameshaondoka. Alichukuliwa na bodaboda tangu saa mbili, Efrazia ndiye aliyemtumia.

Nilipofika ghalani watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye magunia ya mbegu. Mzee Hhando amekalishwa mbele, kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti la kanisani. Ghala zima katikati yetu. Nikabanwa kwenye benchi la akina mama, mkoba mapajani, Marieta amebaki mlangoni na wenzake.

Katibu wa kata, Tito, ni mtu wa makaratasi. Aligonga meza.

"Kikao hiki siyo cha uchawi. Ni cha kanuni. Modest, sema."

Modest alisimama. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha.

"Katibu, mimi sina ugomvi na Efrazia. Sina ugomvi na marehemu, alikuwa rafiki yangu. Nauliza kitu kimoja. Kanuni ilisema mtu mmoja laini moja. Laini ile ina mtu. Nani?"

"Admini," Tito akaniita. "Mama Marieta. Simama. Simu ya marehemu iko wapi?"

Nilisimama. Efrazia aliniangalia mara moja tu. Nikafungua mdomo, na neno lilikuwepo, naapa lilikuwepo, lilikuwa kwenye ulimi.

"Ilikwenda na maji."

Siyo mimi niliyesema. Ni Mzee Hhando. Amenyanyuka, fimbo mkononi.

"Nimemuuliza mwenyewe, akaniambia ilikwenda na maji. Huyu ni mkwe wangu. Nimemtendea vibaya na bado ananiamkia kila siku. Hasemi uongo. Anayemwita mwongo aniite mimi."

Kuna mama kando yangu alisema, "Kweli kabisa." Wengine wakaguna kukubali. Nilitamani sakafu ya ghala ifunguke.

"Mzee wangu, shikamoo," Modest alisema, kwa upole. "Simwiti mtu mwongo. Lakini unasema ni Agustino mwenyewe."

"Ni yeye. Nimemtumia maneno juzi. Amesikiliza. Alama za bluu ziko hapa, njoo uone."

Kicheko kilipita nyuma, kikakatika.

"Kama anasikia," Modest akasema, "basi na simu atapokea. Mpigie, mzee. Hapa hapa. Ikisema haipatikani, tujue iko kwenye mchanga na kuna mtu anayeichezea laini yake kwa njia nyingine. Ikiita, mimi najitoa leo."

"Modest, acha utoto," Efrazia alisema haraka mno.

"Mzee ndiye aamue."

Niliona Mzee Hhando anaogopa. Siyo kuogopa watu. Alitoa simu yake kwenye koti, akaishika mbali na macho, akatafuta jina kwa kidole gumba.

Nilisema, "Baba, usipige."

Nilisema kwa sauti. Watu waligeuka. Yeye hakusikia, au alisikia akadhani namhurumia. Alibonyeza, akaweka simu sikioni.

Nilikuwa natafuta zipu ya mkoba. Zipu ilikuwa imeshika kitambaa.

Kisha Agustino akaita.

Kutoka mapajani mwangu, kwa sauti yote, ile sauti yake ya jioni, pana, yenye kicheko ndani yake. "Hoo! Hoo! Njoo mama, njoo! Njooni nyumbani!"

Mama wa kando yangu alianguka kutoka kwenye benchi. Marieta alikimbia kutoka mlangoni akiita, "Mama, zima!" Katibu akadondosha kalamu. Watu wote mle ndani, Modest, Efrazia, wazee, waliangalia mkoba wangu.

Mzee Hhando peke yake hakuuangalia. Aligeuka akaangalia mlango ulio wazi, simu bado sikioni, akaitika.